Sigara katika ubongo wa mwanamke na wa mwanamume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na wavutaji, na walioacha, na zaidi ya wote na watu wanaoishi nao. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Misingi

1. Sigara inafanya nini hasa kwenye ubongo?

Moshi ukishafika mapafuni, nikotini huingia kwenye damu na kufika kichwani ndani ya sekunde 10 hadi 20, muda ambao mvutaji pengine hajamaliza hata kurudisha kiberiti mfukoni. Huko hujishika kwenye vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza ili kupitisha habari kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Nikotini inafanana nayo kiasi cha kufungua mlango uleule, kama ufunguo wa kuchonga. Mlango ukifunguka, seli zilizo katikati ya ubongo humwaga dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba tendo hili lina faida na lafaa kurudiwa.

Kipokezi kinachobeba lawama kubwa kinaitwa alfa-4 beta-2. Mwaka 2006 Arthur Brody na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba kuvuta mara moja au mbili tu kunatosha kushika nusu ya vipokezi hivyo, na sigara nzima hushika zaidi ya asilimia 88. Anayesema «naonja tu kidogo» amekwisha kuujaza ubongo wake nusu.

Nikotini haifanyi kazi peke yake. Mwaka 1996 Joanna Fowler na wenzake wa maabara ya Brookhaven, Marekani, waligundua kwamba ubongo wa wavutaji una upungufu wa takriban asilimia 40 wa kimeng'enya kiitwacho MAO-B, ambacho kazi yake mojawapo ni kuvunjavunja dopamini. Kwa hiyo moshi huongeza dopamini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huchelewesha kuondolewa kwake.

2. Kwani ubongo wa mwanamke na wa mwanamume hauko sawa mbele ya sigara?

Mashine ni ileile: vipokezi ni vilevile na dopamini ni ileile. Kinachotofautiana, kwa wastani, ni kile kinachomshika mvutaji zaidi. Kwa wanaume, nikotini yenyewe ndiyo yenye nguvu kubwa. Kwa wanawake, vinavyoandamana na nikotini huwa na uzito mkubwa zaidi kuliko kwa wanaume: harufu, ladha, sura ya pakiti, mkono unaokwenda mdomoni, hali ya moyo, na wale mtu anaovuta nao.

Kenneth Perkins wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika majaribio yake, watu walipopewa viwango tofauti vya nikotini bila kuambiwa ni kiasi gani, wanaume walizitambua tofauti hizo vizuri zaidi kuliko wanawake. Lakini harufu na ladha ya moshi zilipozibwa, raha ya sigara ilipungua zaidi kwa wanawake. Sehemu kubwa ya maswali yanayofuata, hasa swali la 13 kuhusu vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi, inarudi kwenye tofauti hii moja.

3. Kwa nini hatukuambiwa haya zamani?

Kwa sababu wanawake hawakuwa wakipimwa vya kutosha. Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake walio katika umri wa kuzaa wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, na mwongozo huo haukuondolewa hadi 1993. Nia ilikuwa kumlinda mtoto asiyezaliwa. Matokeo yake ni kwamba mengi yaliyoandikwa kuhusu «mvutaji» yalitokana na miili ya wanaume.

4. Huku kwetu wanawake wanaovuta ni wachache. Mbona jambo hili lituhusu?

Ni kweli kwamba ni wachache. Utafiti wa kitaifa wa watu wazima nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 19.1 ya wanaume na asilimia 4.5 ya wanawake walikuwa wakitumia tumbaku ya aina yoyote. Tanzania, mwaka 2018, asilimia zilikuwa 14.6 kwa wanaume na 3.2 kwa wanawake. Kwa sigara peke yake, wanawake wa Kenya hawakufika hata asilimia moja, kwa kuwa wengi wao hutumia tumbaku isiyo na moshi, inayozungumziwa kwenye swali la 16. Mimi huzisoma hesabu hizi kwa tahadhari kidogo, kwani swali kama hilo huulizwa nyumbani, na si kila mwanamke atalijibu kwa ukweli huku mama mkwe akiwa chumba cha pili.

Tazama jinsi sigara inavyovutwa mtaani. Mwanamume hununua moja kwa mangi, huiwasha palepale kwa kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba kwenye nondo za dirisha, na kuivuta huku akizungumza habari za mpira. Mwanamke humtuma mtoto, au huificha sigara kwenye pindo la kanga, huenda kuivutia nyuma ya bafu la uani kwa haraka, kisha hutafuna karafuu. Ikiwa wanawake kweli wanashikwa zaidi na mazingira ya uvutaji, basi uvutaji wa kificho huwa na mafundisho yake: ubongo huunganisha nikotini na upweke, na uani, na zile dakika tano ambazo hakuna anayemwita. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mwanamume wa kibarazani hautamfaa mwanamke huyu.

## Yaliyoonekana kwenye picha za ubongo

5. Wanasayansi wanaonaje kinachoendelea ndani ya kichwa cha mtu aliye hai?

Kwa mashine zinazopiga picha za utendaji wa ubongo. Katika vipimo vya PET na SPECT, mtu huchomwa sindano yenye kemikali iliyotiwa mionzi kidogo, ambayo hujishika kwenye vipokezi fulani, na mashine huhesabu mionzi hiyo inatoka wapi. Kipimo cha fMRI hakihitaji mionzi. Chenyewe hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu iendayo kwenye sehemu mbalimbali za ubongo, kwa mfano mtu anapoonyeshwa picha ya sigara inayowaka.

6. Ni kweli kwamba ubongo wa mwanamume mvutaji huongeza vipokezi, na wa mwanamke hauongezi?

Ndivyo ilivyoonekana katika utafiti wa Kelly Cosgrove na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, uliochapishwa mwaka 2012. Walipima watu 110, wanaume kwa wanawake, wavutaji na wasiovuta. Wavutaji walitakiwa kwanza wakae takriban wiki moja bila sigara, kwa sababu nikotini iliyobaki ingevifunika vipokezi na kuharibu hesabu.

Kwa kawaida, ubongo unaomiminiwa nikotini kila siku hujibu kwa kuongeza vipokezi, na vipokezi hivyo vinapokaa vitupu ndipo mtu anapopata ile hali ambayo vijana wa mitaani huiita arosto. Wanaume waliovuta walikuwa na vipokezi vingi zaidi kuliko wanaume wasiovuta, takriban asilimia 16 zaidi katika striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na hamasa na mazoea. Wanawake waliovuta hawakuonyesha ongezeko la namna hiyo wakilinganishwa na wanawake wasiovuta. Tena, kwa wanawake, kiwango cha homoni ya projesteroni kilipokuwa juu, vipokezi vilivyopatikana vilikuwa vichache.

7. Na raha yenyewe ya sigara, hutokea sehemu moja kwa wote?

Hapana, na hapa ndipo utafiti uliponipendeza zaidi. Mwaka 2014 timu hiyohiyo ya Yale iliwalaza wavutaji 16, wanaume wanane na wanawake wanane, ndani ya mashine ya PET na kuwaruhusu wavute sigara palepale, chali, huku mashine ikirekodi dopamini dakika baada ya dakika, kama filamu badala ya picha moja.

Kwa wanaume, dopamini ilipanda upesi na kwa namna moja katika sehemu ya chini ya striatamu, inayohusika na zawadi na athari ya dawa yenyewe. Kwa wanawake, mwitikio wa haraka ulikuwa katika eneo la juu la putameni, sehemu ya striatamu inayohusika na mazoea, yaani mambo ambayo mkono huyafanya kabla ya akili kuulizwa. Matokeo haya yanakubaliana na yale ambayo Perkins aliyaona bila mashine yoyote (swali la 2).

8. Basi wanawake hawana uraibu wa kweli? Ni mazoea tu?

Neno «tu» ndilo linalopotosha. Mazoea yamo ndani ya ubongo kama ilivyo raha, na ni magumu kuvunja kama ilivyo raha. Mwanamke anayewasha sigara kila anapokosana na mwenzake, bila hata kukumbuka kwamba ameiwasha, amefungwa na uraibu uleule kwa kamba nyingine. Kumwambia ajikaze kwa sababu «yeye si teja wa nikotini» ni kumdhulumu.

## Homoni, hedhi na ujauzito

9. Kwa nini inasemekana mwili wa mwanamke huondoa nikotini haraka zaidi?

Nikotini huvunjwavunjwa kwenye ini na kimeng'enya kiitwacho CYP2A6, nacho huchochewa na estrojeni, homoni ya kike. Ndiyo maana wanawake, kwa wastani, huiondoa nikotini upesi kuliko wanaume, na wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huiondoa upesi zaidi. Wakati wa ujauzito kasi hiyo hupanda tena. Nikotini ikiondoka mapema, hamu nayo hurudi mapema.

10. Hamu yangu hupanda na kushuka pamoja na mwezi wangu. Ninajidanganya?

Hujidanganyi. Estrojeni na projesteroni hubadilika katika mzunguko wa hedhi, na zote mbili zina athari kwenye njia za dopamini na kwenye vipokezi vya nikotini. Tafiti za wanyama na za binadamu kwa jumla zinaonyesha kwamba estrojeni huelekea kukuza mvuto wa nikotini, na projesteroni, inayopanda baada ya yai kutoka, huelekea kuupunguza. Hata hivyo, siku chache kabla ya damu kuanza zina usumbufu wake, kama hasira, usingizi mbovu na uzito wa moyo, na mambo hayo hufanana sana na dalili za kuacha sigara. Anayepanga siku ya kuacha atafanya vizuri kuandika hamu yake kwenye kalenda kwa miezi miwili kabla ya kuichagua.

11. Navuta na ninameza vidonge vya uzazi wa mpango. Kuna hatari kwa ubongo?

Ipo, na ni ya dharura kuliko yote yaliyoelezwa hapo juu. Vidonge vyenye estrojeni na projestini kwa pamoja, vikichanganywa na sigara, huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, ikiwemo ile ya ubongo, na hivyo kuleta kiharusi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mwanamke mwenye miaka 35 au zaidi anayevuta sigara 15 au zaidi kwa siku asitumie kabisa njia hizo zenye estrojeni, na anayevuta chini ya hapo katika umri huo kwa kawaida naye hashauriwi kuzitumia. Zipo njia zisizo na estrojeni. Ukienda kliniki, mwambie muuguzi ukweli kuhusu sigara hata kama hajauliza, kwa maana wengi hawaulizi.

12. Mimba na kukoma hedhi je?

Nikotini huvuka kondo la nyuma, na vipokezi vyake hujitokeza mapema kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni, wakati bado vina kazi ya kuongoza jinsi seli zinavyojipanga. Kuacha ni bora wakati wowote wa ujauzito. Kwa kuwa mwili wa mjamzito huondoa nikotini kwa kasi (swali la 9), hamu huweza kuwa kali kuliko alivyotarajia, na hilo si dalili kwamba hampendi mwanawe.

Kuhusu kukoma hedhi, wanawake wanaovuta hufikia hatua hiyo mwaka mmoja au miwili mapema kuliko wasiovuta. Mwaka 2022 Erika Comasco na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, waliripoti kwamba kipimo kimoja cha nikotini, sawa na cha sigara moja, kilizuia kwa kiasi fulani utengenezaji wa estrojeni ndani ya ubongo, katika eneo la thalamasi. Waliopimwa walikuwa wanawake kumi tu, kwa hiyo usiuchukulie utafiti huo kama hukumu.

## Kuacha

13. Mume wangu aliacha kwa vibandiko vya nikotini. Mimi nimebandika mwezi mzima na bado navuta. Nina kasoro gani?

Huna kasoro yoyote. Perkins na mwenzake waliunganisha mwaka 2008 majaribio 14 ya vibandiko na kuona kwamba viliwasaidia wanawake, lakini kwa kiwango kidogo kuliko wanaume. Kibandiko huleta nikotini na nikotini peke yake. Kwa mtu anayeshikwa hasa na nikotini, nusu ya kazi imekwisha. Kwa mtu anayeshikwa na harufu, kikombe cha chai, mkono usio na shughuli au ukimya wa uani, kibandiko hakigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Usivitupe. Ongeza kinachokosekana. Ubani wa kutafuna wenye nikotini, ukitumiwa pamoja na kibandiko, huupa mdomo kazi na kukata hamu inapozuka. Badilisha mahali na wakati: ikiwa sigara yako ni ya baada ya kuosha vyombo usiku, basi saa hiyo iwe ya kitu kingine kinachoshughulisha vidole, kama kusuka ukili, kuchambua mchele wa kesho au kumsuka mtoto. Watu hucheka ushauri huu kwa sababu unaonekana mdogo, lakini unalenga palepale ambapo picha za swali la 7 zilionyesha.

14. Zipo dawa nyingine zinazofaa zaidi wanawake?

Vareniklini hukaa kwenye kipokezi kilekile cha alfa-4 beta-2 na kukifungua nusunusu, hivyo hamu hupungua na sigara ikivutwa haina utamu wake wa zamani. Uchambuzi wa majaribio 28, yaliyohusisha wavutaji zaidi ya 14,000, ulionyesha kwamba kwa wanawake vareniklini ilishinda kibandiko na pia bupropioni, dawa nyingine ya kuachia sigara, ilhali kwa wanaume dawa hizo tatu zilikaribiana. Shirika la Afya Duniani liliziweka vareniklini na bupropioni kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kuzipata kwenye maduka ya dawa ya kwetu ni habari nyingine, na bei yake pia. Hakuna kati ya hizo mbili inayofaa kumezwa bila kuonana na daktari.

15. Ubongo hurudi katika hali yake baada ya muda gani? Na unene?

Dalili za kuacha huanza ndani ya saa chache, huwa kali zaidi katika siku tatu za mwanzo, kisha hupungua katika wiki mbili hadi nne. Vipokezi vya ziada hushuka hadi kiwango cha asiyevuta ndani ya wiki 6 hadi 12. Hamu inayoamshwa na mazingira huishi muda mrefu zaidi, na mtu aweza kuipata miaka baadaye msibani, akisikia harufu ya moshi kutoka chini ya turubai.

Unene ni hofu ya kweli, na wanawake wengi huitaja kuwa ndiyo iliyowarudisha. Nikotini hupunguza njaa kwa kugusa haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza njaa, na ikiondoka njaa hurudi. Ongezeko la wastani katika mwaka wa kwanza ni kilo 4 hadi 5.

## Maswali ya pembeni

16. Ugoro, kuberi na shisha navyo ni hivyohivyo?

Nikotini ni ileile, njia ndiyo tofauti. Kwenye ugoro au kuberi hupenya kupitia ngozi laini ya pua au ya mdomo, polepole kuliko moshi, lakini hubaki kwenye damu kwa muda mrefu. Hakuna kiberiti wala moshi, na ndiyo sababu mama mzima huweza kutumia kwa miaka thelathini bila kuitwa mvutaji na bila kuulizwa na daktari hata mara moja. Tafiti za picha za ubongo zilizotajwa humu zilihusu sigara, kwa hiyo tofauti za kijinsia zisihamishiwe moja kwa moja kwenye ugoro.

Shisha ni moshi wa tumbaku pamoja na hewa ya sumu ya mkaa, na maji hayauchuji kiasi cha kuufanya salama. Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku mwaka 2017.

17. Je, matokeo haya yanamhusu kila mwanamke na kila mwanamume?

Hapana. Ni wastani, na nyingine ni wastani wa watu wachache sana. Wale 16 wa swali la 7 wanaenea kwenye hiace moja, tena wote walipimwa katika mji mmoja wa Marekani. Yapo pia mambo ambayo mashine haiyatenganishi, kwani mwanamke hubeba homoni zake pamoja na malezi yake, kazi zake na macho ya jirani. Wapo wanaume wanaoshikwa na harufu kuliko nikotini, na wanawake ambao kibandiko kimoja kiliwatosha. Tumia tofauti hizi kuchagua njia ya kujaribu kwanza, kisha usikilize mwili wako.

18. Mimi nimeacha, mume wangu bado anavuta. Moshi wake unagusa ubongo wangu?

Unaugusa. Mwaka 2011 Brody na wenzake waliwaketisha watu kwenye gari kwa saa moja pamoja na mtu anayevuta, kisha wakawapiga picha za PET. Nikotini iliyotokana na moshi wa mwenzao ilikuwa imeshika takriban asilimia 19 ya vipokezi vya alfa-4 beta-2 katika thalamasi, kwa wavutaji na kwa wasiovuta pia. Wale waliokuwa wavutaji walipata na hamu juu yake.

Kwa mwanamke aliyeacha, hali hii humpiga mara mbili: nikotini kidogo inaingia, na harufu, ambayo kwa wengi wao ndiyo kamba yenyewe (swali la 2), inaingia nayo. Ikiwa mume hayuko tayari kuacha, basi avutie nje ya uzio badala ya dirishani, pakiti isilale juu ya kabati la chumbani, na shati abadilishe kabla ya kupanda kitandani.